Mifupa ya Kwetu

Tulikuwa wanawake watano tuliomwosha dada yangu Zuhura, nyumbani kwake Mahege, na mimi ndiye niliyeshika miguu. Binti wa jirani, ambaye hakuwahi kuosha maiti kabla ya siku ile, alimimina maji juu ya paja la kulia, akasita, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliwahi kugongwa na gari. Nikamwambia hapana, mimina. Alikuwa ameona kile ambacho macho yangu yalikwisha kukizoea: paja lililopinda kwa nje, uvimbe mgumu katikati ya muundi, mkono wa kushoto uliokuwa mfupi kidogo kuliko wa kulia. Najua mwenye kuosha maiti hutakiwa kuyasitiri aliyoyaona. Lakini Zuhura mwenyewe hakuwahi kuuficha mwili wake. Alikuwa akiwaonyesha wasichana wa mtaani mguu wake kama mwalimu anavyoonyesha ramani ubaoni, na nadhani hatanikasirikia nikisema hapa yaliyoupata. Mikono yangu ilipofika kwenye lile paja ilisimama yenyewe. Ule mvunjiko nilikuwapo ulipotokea, nikiwa na miaka kumi na minne na Zuhura kumi na saba, na mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu huyu niliye.

Ulikuwa mmoja wa ile miaka ambayo watu waliiita ya ruksa. Duka la Kibiti nililolijua likiwa na viberiti na chumvi sasa lilijaa sabuni za kila rangi, maziwa ya kopo, nguo za mitumba zilizorundikwa mlangoni, na mafuta ya kujipaka yenye picha za wanawake weupe. Huko visiwani kwenye delta ya Rufiji walifika wanunuzi wa kamba wakiwa na maboti na masanduku ya barafu, na vijana ambao jana walikuwa wakikata mikoko leo walivaa saa. Mmoja wao alikuwa Selemani wa Maparoni. Alimwona Zuhura kwenye harusi moja pale Kibiti, akatuma wazee. Waliokuja kuposa walisema kijana wao amependa macho, nasi hatukushangaa, maana kila mtu aliyasifu macho ya Zuhura. Weupe wa macho hayo haukuwa weupe hasa, ulikuwa na ubuluu wa mbali, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Shangazi yetu Siwema, dada wa marehemu baba, ambaye tuliishi naye nyumba moja, alikuwa nayo macho hayohayo. Yeye alikuwa kiziwi tangu ujana, alitembea akishikilia kuta, na aliwahi kuolewa Ikwiriri akarudishwa baada ya kuvunjika mara ya tatu. Watu walisema alilogwa na mke mwenzake. Hakuna aliyeyaweka macho na mifupa katika sentensi moja.

Posa ilipokubaliwa, Zuhura alikuwa amekwisha kuwekwa ndani. Kwa wakati ule wasichana wengi walikaa mwali mwezi mmoja au miwili, wengine wiki tu kwa sababu ya shule, lakini bibi yetu mzaa mama, ambaye ndiye aliyemsimamia, alisema mjukuu wake hatatolewa mbio kama mkate usioiva. Na mama alitaka muda uongezwe kwa sababu yake mwenyewe. Alitaka watu wa Maparoni wakimfunua bibi harusi wakute mtu laini, mnene, aliyeng'aa. Chumba kilikuwa cha nyuma, dirisha lake limezibwa kwa udongo, mlangoni mapazia mawili, ndani mkeka, mtungi na harufu ya karafuu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka chakula. Zuhura alilishwa wali asubuhi, wali mchana na uji wa mchele wenye sukari jioni. Samaki bibi alikataa, alisema atanuka. Mayai alinyimwa kwa sababu za mambo ya unyago ambazo sitazitaja. Nami niliyekuwa nikimbebea sahani ile nilikuwa mtoto wa juani: asubuhi shule, mchana shambani kuwinga ndege kwenye mpunga, na chakula changu muhogo na dagaa niliowatafuna na vichwa na miiba. Nilimwonea wivu kwa wali ule. Naye aliniambia mara moja kwamba angetoa sahani zake zote akae nami shambani nusu siku.

Katika ukuta wa mashariki mlikuwa na ufa upana wa kidole. Asubuhi jua liliingia hapo na kuchora mstari sakafuni, na Zuhura alihama na mkeka wake ili mstari ule umguse miguuni. Alikuwa akinyoosha muundi mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayeota moto. Alisema mifupa inamuuma na pale panaipoza. Siku moja bibi aliona miguu yake imekuwa myeusi kuliko mikono, akaniuliza imekuwaje. Ningeweza kusema sijui. Nilimwonyesha ufa. Akaniambia nikande udongo, nami nikakanda, nikasimama nje na kuusiriba ukuta kwa uangalifu, kwa sababu nilikuwa na mkono mzuri wa kusiriba na nilipenda kusifiwa. Zuhura alikuwa ndani akinisikiliza. Nilipomaliza nilisikia mkeka ukiburutwa kurudi mahali pake pa zamani.

Baada ya hapo alianza kutembea kama bata. Kila nilipopeleka chakula nilimkuta ameegemea ukuta, na akitaka kusimama alijivuta kwa kushika mwimo wa mlango. Nilimwambia mama, mama akasema ni uzito wa wali, mwali hutakiwa kuwa mzito. Nje, chini ya paa la jikoni, nilisikia bibi na mama wakizungumzia kitambaa cha pazia na nani atapika pilau. Ilikuwa mwezi wa saba wa kukaa kwake ndani, asubuhi, nimeleta maji ya kuoga. Zuhura alishika mwimo, akajiinua, na paja likalia kama muwa unaovunjwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akautazama mguu uliokuwa umelala upande ambao mguu haulali, akaniambia, "Hawa, mguu wangu umekwenda wapi?"

Siku nne za kwanza zilikuwa za fundi wa kuunga mifupa, aliyemfunga vipande vya mianzi na kutusomea dua sote, na siku nne hizo nyumba haikunyamaza. Bibi alisema ni hasidi, mtu kaona fedha za kamba zinakuja kwetu. Mama alimaliza machozi, akahamia kwenye hasira, na hasira yake ikamwendea shangazi Siwema. Alisimama mbele yake uani, akamwambia kwamba ukoo wao una mifupa ya mabua, walijua, wakanyamaza, wakamwachia yeye azae watoto wa kuvunjika. Alisema kwa nguvu ingawa shangazi hasikii. Shangazi alikuwa akichambua mchele. Aliitazama midomo ya mama mpaka ilipotulia, akaweka ungo chini.

"Mimi nilivunjika nikichota maji," alisema. "Huyu amevunjika akiamka. Mfupa ni wetu, wifi. Giza ni lenu."

Mama aliingia ndani. Jioni ile yeye ndiye aliyesema Zuhura apelekwe hospitali. Tulipata nafasi juu ya gari la mnunuzi wa korosho, tukamlaza dada juu ya magunia, mimi nikimshikilia mguu na mama akimshikilia kichwa, na kila shimo la barabara lilipita kwanza mwilini mwake kabla ya kutufikia sisi. Tukavuka mto, tukafika hospitali ya Utete tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Sitasahau namna Zuhura alivyosongwa na ule mwanga. Mtu aliyekaa gizani miezi saba alikuwa akifunika macho kwa kiganja, lakini kila baada ya muda alikifungua kidogo, akachungulia, akakifunga tena.

Daktari aliyempokea alikuwa mtu wa bara, mfupi, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kufikiri. Aliishika picha ya eksirei ya mfupa juu kwenye dirisha akaitazama kwa muda mrefu. Sisi tuliona moshi tu. Yeye alituonyesha kwa ncha ya kalamu kwamba mfupa wa mtu wa miaka kumi na saba hauwi mwembamba hivi, na kwamba mlikuwa na mivunjiko ya zamani, midogo, iliyojiunga yenyewe bila mtu kujua. Kisha akamwinamia Zuhura, akamfunua kope, akauliza nani mwingine katika ukoo ana macho kama haya. Mama alitazama sakafu. Mimi nikasema shangazi, na kwamba ni kiziwi. Akanigeukia. Nilihisi kidole chake baridi kikinishusha kope la chini.

"Na wewe unayo," alisema. "Umewahi kuvunjika?"

Nikasema hapana. Akauliza ninashinda wapi, ninakula nini, nikamweleza shamba, ndege, dagaa. Akamuuliza mama Zuhura ameshinda wapi. Mama alijibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kinywani mwake. Daktari akavua miwani. Alizungumza bila ukali, na labda ndiyo maana maneno yake yamekaa.

"Mama, hawa wawili wamezaliwa na mfupa wa aina moja, umetoka kwa baba yao. Huyu mdogo amekulia juani, anakula dagaa na miiba yake, mfupa wake umejishikilia. Huyu mkubwa mmemfungia jua na mmemlisha wali mtupu. Kuzaliwa nao hamkuweza kuzuia. Haya mengine mngeweza."

Aliendelea kueleza kwamba ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuumaliza, kwamba jua na chakula vitampunguzia, kwamba masikio yetu huenda yakapungua tukikua, na kwamba tukizaa, mtoto anaweza kuupata na anaweza asiupate, hakuna wa kutuahidi. Mama alifunga kanga yake upya mara mbili. Mimi nilikuwa nikiitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeambiwa kwa pumzi moja kwamba mifupa yangu ni mibovu na kwamba ukuta niliousiriba umemvunja dada yangu, na sikujua la kwanza kuliogopa. Nimekwisha kuwa mtu mzima, nimelea, nimezika, na bado nikisikia watu wakibishana kama ugonjwa fulani ni wa damu au wa mazingira, hukumbuka kile chumba cha daktari. Watu hupenda jibu liwe moja ili lawama iwe na mwenyewe. Sisi tulipewa mawili, na kila mmoja wetu akaondoka na sehemu yake.

Mguu wa Zuhura ulivutwa kwa kamba na uzito kwenye ncha ya kitanda, akalala chali wiki nyingi. Mama alirudi Mahege kwa ajili ya kilimo, nikabaki mimi kumuuguza, nikapika kwenye banda la wauguzaji pamoja na wanawake wa kila upande wa Rufiji, moshi mmoja na sufuria mbalimbali. Kabla ya kuondoka mama alinivuta kando. Alisema watu wa Maparoni wakija, Zuhura aliteleza kisimani. Nikasema ndiyo, mama. Alinirudisha, akanifanya niyarudie maneno yale mpaka yakatoka laini.

Alikuja mama yake Selemani peke yake, Bi Fatuma, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyopasuka kwa chumvi, akiwa na kikapu cha kamba waliokaushwa na nazi. Alikaa na Zuhura wodini, akamfuta jasho, akamwombea dua, akamwambia harusi itasubiri, mguu si mshale wa saa, hauharakishwi. Alikuwa mwema, na wema wake ndio ulionishinda. Baadaye alinifuata bandani, akachuchumaa karibu na jiko langu, akaniuliza habari za shule, kisha akautazama uji niliokuwa nikiukoroga.

"Mwanangu," alisema, "nina mtoto wa kiume mmoja tu. Niambie jambo moja. Ni ajali, au ni la kwenu?"

Kisima kilikuwa tayari ulimini. Niliendelea kukoroga. Nilimwona Zuhura akiondoka kwa boti kwenda visiwani na mimi nikibaki na chumba kile na bibi na zamu yangu. Niliona pia mtoto asiyezaliwa amelala kwenye kitanda kama kile, ametundikwa mguu. Yote mawili niliyaona, naapa, na siwezi kusema lipi lilitangulia.

"Ni la kwetu," nikamwambia. "Hata mimi ninalo."

Bi Fatuma aliniwekea kiganja kichwani, akakaa hivyo kitambo. Aliniachia kikapu chote. Wiki iliyofuata wazee wa Maparoni walikwenda Mahege kusema kwa heshima kwamba kijana wao hayuko tayari. Mama alikuja Utete kwa ajili ya jambo hilo tu. Hakunipiga. Alimwambia Zuhura yaliyotokea, mbele yangu, bila kunitazama, akaondoka siku ileile. Zuhura hakunisemesha siku tatu. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimtolea choo, na alinitazama kama mtu anayetazama dirisha. Siku ya nne, nikiwa namsuka, alisema huku ameutazama ule uzito miguuni.

"Ulisema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu ulitaka nibaki?"

Mikono yangu ilisimama kwenye nywele zake. Kisha nikaendelea kusuka. Naye hakurudia.

Selemani alikuja mwenyewe, siku za mwisho mwisho, bila mama yake kujua. Alivaa shati jipya na alikuwa na haya. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda nikikunja nguo, hakuna aliyeniambia niondoke. Alisema bado anamtaka, alisema mambo ya uzazi ni ya Mungu, alisema mama atatulia. Zuhura alimsikiliza mpaka akamaliza. Akamuuliza, mtoto akizaliwa akavunjika, utasema ni wa nani. Selemani akasema mama yake ni mtu mwenye huruma, hatasema kitu. Zuhura akamwambia, "Sikukuuliza mama yako." Kijana wa watu alibaki akivuta mkanda wa saa yake. Nilitamani ajibu. Hata leo nadhani neno moja tu lingetosha, lolote. Zuhura akamtakia safari njema, akageuza uso ukutani, na alipokwisha kwenda akaniomba nimfunue shuka, joto lilikuwa kali.

Tulirudi Mahege naye akitembea kwa fimbo, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Kabla mwaka ule haujaisha nami nilivunja ungo, na bibi akakifagia kile chumba cha nyuma, akaning'iniza pazia. Nyumba nzima ilijua daktari alisema nini. Lakini kujua ni jambo moja, na bibi alikuwa na majirani, na wazee wake, na woga wake. Mama hakumzuia. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa juu ya mkeka, kichwa kimefunikwa, nilipomsikia Zuhura akiingia na fimbo yake. Alisimama chini ya lile dirisha lililozibwa, akaanza kuligonga. Aligonga mpaka udongo ukaanguka mabongebonge na vumbi likatujaa kinywani. Bibi alimwambia anawavunjia heshima wazee waliolala.

"Wakija," Zuhura alisema, "waambie waje wanione mimi kwanza."

Akaendelea kugonga. Nilikaa mwali wiki tano, katika chumba chenye dirisha, na kila mchana Zuhura aliniletea dagaa, na yai, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Tulikuwa bado hatujazungumza sawasawa. Nilikula huku nikilia, naye akijifanya anatazama kuku.

Sikuvunjika mpaka nilipofika miaka thelathini na kitu, kifundo cha mkono tu. Aliyenioa nilimwambia kabla wazee hawajakaa, kwa sababu Zuhura alisema nisipomwambia mimi atamwambia yeye. Watoto wetu ni wanne na wawili wana macho yale. Mwanangu wa pili alivunjika mkono akiwa na miaka mitatu, mguu akiwa na sita, na leo anaendesha mashine ya kukoboa mpunga Ikwiriri. Zuhura hakuolewa. Wako waliomposa, akawakataa, na sikujua kama alikuwa akiwakataa wao au lile swali. Alishona nguo kwa cherehani ya mkono, alikaa kila siku uani juani, na hakuna mwali wa upande wetu wa Mahege aliyefungiwa dirisha kama yeye ana habari. Alikwenda na fimbo yake. Wengine walimwita mwendawazimu. Masikio yake yalianza kupungua akikaribia arobaini, na alipofika hamsini ilikuwa lazima umguse bega ndipo ajue upo.

Hilo ndilo lililonichelewesha. Jibu la swali lake nilikuwa nimelipata zamani, polepole, kama mtu anavyopata umri, lakini nilipokuwa tayari kulitoa yeye hakuwa akisikia tena, na jambo kama lile huwezi kulipigia kelele uani majirani wakiwa wanapeta mchele. Miezi michache kabla hajafa nilikwenda kumuuguza kifua. Nilichukua daftari la mjukuu wangu, nikaandika: Nilisema kwa sababu nilitaka ubaki. Nikachana ukurasa, nikampa. Alitafuta miwani, akasoma akifuata kwa kidole, akaikunja karatasi mara mbili. Kisha akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, na nyumba tatu zikasikia:

"Hata mimi nilitaka kubaki. Nilikuwa naogopa kwenda kule."

Akaomba nimsogezee mkeka kidogo, jua lilikuwa limehama. Nikausogeza. Huenda ilikuwa kweli, na huenda alinionea huruma. Aliniangalia usoni muda mrefu, kama aliyekuwa akingoja niulize, nami sikuuliza.